Tamthilia za muziki za West End: kilichopunguzwa, na tiketi ambayo bado inafaa

Yuko mtu aliyezipenda tamthilia za muziki kwa moyo wote. Alijua nyimbo kabla ya kuingia ukumbini, alijua nani kaanza lini na nani kaondoka, na aliweka akiba ili akae safu ya nne badala ya safu ya ishirini. Kisha inafika jioni ambayo tiketi iko mkononi, taa zinazimika, okestra inaanza, na moyo wake umetulia kama maji mtungini. Wenzake humwambia kwamba amezeeka au amezoea.

Mapitio haya yanasema vingine. Kwa sehemu kubwa, kile alichokipenda kimepunguzwa, na kila kilichopunguzwa kinatajika kwa jina na kinahesabika. Huduma tunayoipima ni jioni ya tamthilia ya muziki katika kumbi kubwa za West End, mtaa wa kumbi za maonesho London, pamoja na Broadway, mwenzake wa New York, pale ambapo hesabu za huko zinasaidia kuelewa. Kwa ujumla tunaipa nyota tatu kati ya tano. Zipo jioni ambazo bado zinastahili tano, nazo tutazitaja, kwa sababu tofauti kati ya jioni ya tatu na jioni ya tano mara nyingi ni kiti, tarehe na ukumbi uliouchagua.

Shimo la okestra

Tuanze na wapiga muziki, wanaokaa ndani ya shimo mbele ya jukwaa, maana hapo ndipo pengo lilipo kubwa kuliko pote. The Phantom of the Opera ilifunguliwa London Oktoba 1986 ikiwa na okestra ya watu 27. Ikafungwa Machi 2020 wakati wa korona. Iliporudi Julai 2021, ukumbi ukiwa ule ule na bango likiwa lile lile la kinyago cheupe, waliokaa shimoni walikuwa 14. New York safari hiyo ilianza mapema zaidi. Machi 2003 wanamuziki wa Broadway waligoma siku nne kutetea idadi ya chini ya wapigaji ambayo kila ukumbi ulipaswa kuajiri. Wakarudi kazini kwa makubaliano yaliyoishusha idadi hiyo, katika kumbi kubwa kabisa, kutoka watu 24–26 hadi 18–19.

Nyimbo ni zile zile, basi idadi inadhuru nini? Inadhuru unene wa sauti. Fidla sita zikipiga noti moja, hakuna mbili zinazolingana kabisa: moja imepanda kwa kiasi cha unywele, nyingine imechelewa kidogo, upinde wa ya tatu umegusa waya kwa nguvu zaidi. Sikio hukusanya tofauti hizo na kusikia kitu kipana, chenye joto. Ukibakiza fidla moja au mbili na kuzijazia kinanda cha umeme chenye sauti za fidla zilizorekodiwa, noti zinakuwepo zote, lakini kila moja inaanza kwa namna ile ile, na wimbo unapopanda hupanda kwa kukanyaga pedali, si kwa watu sita kukaza mikono kwa pamoja. Msikilizaji wa mara ya kwanza hatalitambua. Aliyesikia okestra kamili atahisi kwamba wimbo uliokuwa ukimsisimua sasa unapita tu, na atajilaumu yeye mwenyewe bure.

Namna ya kujua kabla hujatoa pesa: tafuta orodha ya wanamuziki. Huchapwa kwenye kitabu cha programu, ambacho New York hutolewa bure mlangoni na London huuzwa. Mara nyingi orodha hiyo iko pia kwenye tovuti ya tamthilia. Hesabu majina. Kisha tazama ala. Vinanda vitatu na fidla moja katika muziki ulioandikwa kwa okestra kubwa ni dalili kwamba umepunguzwa. Lakini ukiona mtu mmoja ameandikiwa filimbi, klarineti na saksafoni kwa pamoja, usidhani ni ubahili. Huo ni ufundi wa miaka mingi wa wapigaji wa tamthilia, wenye kubadilisha ala katikati ya wimbo na kuingia bila kukosea, na unastahili heshima kubwa kuliko inayopewa.

Idadi ndogo si kosa pale muziki ulipoandikwa kwa idadi hiyo. Kundi la watu wanane lenye gitaa, besi, ngoma na vinanda likipiga muziki wa roki ulioandikwa kwa watu wanane halidai kitu. Lawama yetu ni kwa muziki wa watu 27 kupigwa na 14 kwa bei ya juu ile ile.

Sauti inayotoka juu

Katika ukumbi mkubwa wa leo husikii koo la mwimbaji, unasikia spika. Maikrofoni ndogo kuliko punje ya harage hubandikwa kwenye mstari wa nywele katikati ya paji la uso, au hufichwa ndani ya wigi. Waya hushuka mgongoni hadi kwenye kisanduku cha kurushia mawimbi kilichofungwa kiunoni chini ya vazi. Betri hubadilishwa kabla ya kila onesho. Fundi sauti anakaa kwenye meza yake nyuma ya viti vya chini, na kazi yake ni ngumu kuliko watazamaji wanavyodhani: anafungua maikrofoni ya kila mwigizaji anapofungua kinywa na kuifunga anapomaliza, mstari kwa mstari, kwa saa mbili na nusu.

Kwa nini asiziache wazi zote? Kwa sababu waigizaji wawili wakisimama karibu, sauti ya mmoja huingia kwenye maikrofoni zote mbili kwa nyakati zinazopishana kidogo, na mchanganyiko huo husikika kama mtu anayeongea ndani ya debe. Wapenzi wanapokumbatiana na kuimba, fundi mzuri hufunga maikrofoni moja na kutumia ya mwenzake kwa sauti zote mbili. Ukisikia sauti ikigeuka ya debe kwenye kumbatio, ujue amechelewa. Ukikosa silabi ya kwanza ya mstari, pia amechelewa. Sauti ikififia polepole katikati ya ngoma nzito hadi kuwa kama inatoka nyuma ya mto, hilo si kosa lake: jasho limeingia kwenye maikrofoni. Ndiyo maana wahusika wakuu wanaocheza sana mara nyingi hufungwa maikrofoni mbili, moja ya akiba.

Hatulalamiki kwamba maikrofoni zipo. Lyceum Theatre ina takriban viti 2,100, na maneno ya wimbo lazima yafike safu ya mwisho. Tunalalamikia mambo mawili. La kwanza ni ukali wa sauti: wimbo wa faragha, wa mtu peke yake na majuto yake, unapandishwa hadi kulingana na wimbo wa umati, na baada ya saa moja sikio linaacha kutofautisha siri na tangazo. La pili ni mahali sauti inakotoka. Watu kumi na wawili wako jukwaani, mmoja anaimba, na macho yako yanahangaika kumtafuta kwa sababu sauti zote zinatoka juu ya fremu ya jukwaa. Upo utaalamu wa kuchelewesha kila sauti kwa sehemu ndogo sana ya sekunde ili sikio liamini kwamba inatoka kwa mwigizaji mwenyewe, na pale unapotumiwa kwa uangalifu mtazamaji husahau kabisa kwamba kuna spika. Pale usipotumiwa, anachoka bila kujua kwa nini.

Kiti kinabadilisha jambo hili kuliko watu wanavyofikiri. Safu mbili za mbele kabisa ziko chini ya mkondo wa spika kubwa, ambao hupita juu ya kichwa. Hapo sauti za waimbaji hukufikia kupitia spika ndogo zilizopangwa ukingoni mwa jukwaa, huku okestra ukiisikia yenyewe, mbichi. Kwa mpenzi wa ala hapo ni peponi, kwa anayefuata hadithi kwa mara ya kwanza ni tabu. Viti vya nyuma chini ya roshani hupata sauti kupitia spika za dari zilizochelewa, bapa na kavu. Panaposikika vizuri zaidi ni viti vya chini, katikati, kuanzia kama safu ya saba hadi pale kivuli cha roshani kinapoanza, au safu za mbele za roshani ya kwanza.

Mlio ambao wewe huusikii

Tamthilia nyingi za sasa huongozwa na mlio wa kuhesabu mapigo, unaosikika kwenye vipokea sauti vya wanamuziki peke yao. Sababu ya kuutumia ni ya kweli. Taa, picha za skrini, jukwaa linalosogea na sauti zilizorekodiwa kabla vimefungwa kwenye saa moja, na muziki ukichelewa kwa pigo mbili, picha ya moto itawaka kabla mhusika hajawasha kiberiti. Lakini gharama yake ni kubwa. Mwimbaji aliyeamka na sauti nzuri hawezi kuishikilia noti ya mwisho kwa pumzi moja zaidi. Watu wakicheka kwa muda mrefu kuliko jana, wimbo hauwasubiri.

Msikilizaji aliyelelewa na taarab analiona hili haraka kuliko wengine. Kwenye taarab watu wakiinuka kumtuza mwimbaji, anarudia kiitikio, fidla na qanuni vinamfuata, na wimbo unarefuka kadiri ya watu waliopo. Urefu wa wimbo ni mazungumzo kati ya jukwaa na ukumbi. Pale West End, mlio ukishawashwa, mazungumzo yamekwisha, na mwenye masikio ya namna hiyo atahisi kutengwa hata kama kila noti imepigwa sawasawa.

Jaribio rahisi: mtazame kiongozi wa okestra kwenye wimbo mkubwa wa kabla ya mapumziko. Akimtazama mwimbaji na mkono wake ukingoja pumzi, wimbo huo uko huru. Akitazama chini kwenye karatasi, vipokea sauti masikioni, mkono ukipiga kama pendulamu, umefungwa. Tamthilia nyingine huchanganya, zikifunga nyimbo za umati na kuacha huru zile za mtu mmoja, na huo ni mwafaka mzuri.

Nakala ya nakala

Tangu miaka ya 1980, kuanzia Cats iliyofunguliwa London mwaka 1981, biashara kubwa imekuwa kuuza si nyimbo na maneno tu bali onesho zima: mapambo yale yale, mavazi yale yale, taa zile zile, hatua zile zile, katika miji mingi ya dunia. Ukingoni mwa jukwaa huchorwa namba, sifuri ikiwa katikati, nazo hupanda kuelekea kulia na kushoto. Kila mchezaji anajua kwamba kwenye ubeti wa pili yeye ni wa namba nne. Kiongozi wa wachezaji ana daftari lenye nafasi zote. Faida yake ni usalama: watu ishirini wakigeuka pamoja karibu na mtambo unaosogea, namba hizo huzuia mifupa kuvunjika.

Hasara yake inaonekana kwa mtazamaji wa mara ya tano. Mwigizaji mpya huingia ndani ya alama za miguu za mtangulizi wake, ananyoosha mkono pale pale, anageuka kwenye neno lile lile. Maonesho ni manane kwa wiki, kwa mkataba ambao mara nyingi ni wa mwaka. Ifikapo mwezi wa tisa wa mkataba hata mwigizaji hodari huwa anaupita wimbo kama anayepita njia ya kurudi nyumbani.

Basi tarehe ni muhimu. Waigizaji wakuu hubadilika kwa pamoja, na tarehe hizo hutangazwa. Ushauri wetu ni kwenda kuanzia wiki ya tatu baada ya mabadiliko: wiki mbili za kwanza bado wanahesabu hatua, kisha ndipo wanaanza kusikilizana. Na usisononeke ukikuta ubaoni mlangoni kwamba nyota hayupo. Mwigizaji wa akiba anayeingia usiku huo mara nyingi ndiye anayewaamsha wenzake wote. Wanaostahili kupigiwa makofi zaidi ni wale wa kujaza nafasi, ambao kila mmoja anazijua nafasi za wachezaji kadhaa, pengine kumi au zaidi, na huambiwa mchana ni ipi atakayoicheza jioni. Ukisoma jina la namna hiyo ubaoni, mfuate kwa macho.

Katika kunakili huko, vitu vingine havinakiliwi tena kwa sababu ni ghali. Les Misérables ya London, iliyofunguliwa Oktoba 1985, ilijengwa juu ya jukwaa la duara linalozunguka. Kizuizi cha barabarani walichokijenga waasi wa hadithi kilikuwa kikizunguka kimyakimya baada ya vita na kuonesha upande wa pili, walikolala waliokufa. Hakuna aliyekuwa akisema neno. Mtambo ulikuwa sehemu ya masimulizi. Toleo hilo liliondolewa Julai 2019, na lililochukua nafasi yake, katika ukumbi ambao sasa unaitwa Sondheim Theatre, halina duara. Lina picha zinazorushwa ukutani. Picha ni nzuri kwa mifereji ya chini ya mji, ambako giza linasogea nyuma ya mtu aliyebeba majeruhi. Kwenye kizuizi haziwezi kufanya kazi ile. Kwa mgeni, nyota nne. Kwa aliyeliona duara, hasara hiyo ni ya kweli, na haina dawa.

Kuhusu nyimbo zenyewe tutasema kwa ufupi. Tangu Oklahoma! ya mwaka 1943, kipimo cha wimbo mzuri wa tamthilia kimekuwa kwamba mhusika anauanza akiwa mahali pamoja na kuumaliza akiwa kwingine: ameamua, ametubu, amependa. Tamthilia zinazotumia nyimbo zilizokwisha kuvuma redioni, ambazo zimeongezeka sana tangu Mamma Mia! ilipofanikiwa London mwaka 1999, zina furaha yake ya kuimba pamoja, lakini hadithi husimama wimbo unapoanza na kuendelea wimbo unapokwisha. Mpenzi wa zamani akiona tatu za namna hiyo mfululizo, shauku itapungua kwa haki. Asome kwanza kama nyimbo zimeandikiwa hadithi hiyo.

Bei na dirisha la tiketi

Mwaka 2001 tamthilia moja ya Broadway, The Producers, ilianza kuuza viti bora kwa dola 480 kimoja, ili faida iliyokuwa ikienda kwa walanguzi ibaki kwa wenye onesho. Tangu hapo bei ya juu ya namna hiyo imekuwa kawaida pande zote mbili za bahari, na sasa hupanda na kushuka kufuatana na siku na mahitaji kama nauli ya ndege. Athari yake kwa shauku ni kubwa. Mtu aliyelipa pesa za wiki nzima ya chakula haingii kutazama, anaingia kudai. Kila kasoro inauma mara mbili.

Njia za kupunguza, kwa mpangilio tunaoupendelea:

Kwanza, dirisha la ukumbi wenyewe. Ukienda kwa miguu mara nyingi hukwepa ada ya kuhifadhi inayoongezwa mtandaoni, na mhudumu atakujibu maswali ambayo ramani ya viti haijibu: nguzo iko wapi, reli iko kimo gani, kiti kipi kimerudishwa leo.

Pili, tiketi za siku hiyo hiyo. Tamthilia nyingi huachia idadi ndogo asubuhi, mara nyingi saa nne kamili, kwenye programu ya simu kama TodayTix. Fungua akaunti na uweke kadi ya benki mapema. Anayeanza kuandika namba za kadi saa nne kamili amekwisha kukosa.

Tatu, kibanda cha TKTS pale Leicester Square, ambacho kimekuwepo tangu 1980. Cha New York, pale Times Square, ni cha 1973. Kinauza tiketi zilizobaki kwa punguzo. Usiende na jina moja tu kichwani. Nenda na matatu.

Bahati nasibu ni ya mwisho. Ile ya tamthilia ya Hamilton imekuwa ikitoa tiketi za pauni 10, lakini haipangiki, na mgeni wa siku tatu asiitegemee.

Onyo: ukitafuta jina la tamthilia mtandaoni, matokeo ya kwanza mara nyingi ni matangazo ya wauzaji wa kati wanaoongeza bei. Tafuta alama ya STAR, chama cha wauzaji tiketi wa Uingereza, na ulinganishe jumla ya mwisho, siyo bei ya kwanza inayooneshwa. Kwa familia ya watu wanne, ada ya pauni tano kwa tiketi ni pauni 20 zaidi kabla hamjaketi.

Viti, maana hapa ndipo watu wanapoharibikiwa

Kumbi nyingi za West End ni za enzi ya Malkia Victoria na miaka michache baadaye. Ghorofa ya chini kwenye ramani huandikwa Stalls. Juu yake kuna roshani mbili au tatu. Ya kwanza huitwa Dress Circle au Royal Circle, na majina ya zinazofuata hubadilika kila ukumbi, kwa hiyo hesabu ghorofa badala ya kuamini majina.

Nguzo ni za kumbi za zamani zaidi. Palace Theatre, iliyofunguliwa 1891, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kushikilia roshani kwa vyuma bila nguzo mbele ya watu, ndiyo maana huko unaona vizuri kutoka pande nyingi. Lakini roshani yake ya juu kabisa ina mwinuko mkali, na mwenye kizunguzungu cha urefu asipande.

Kosa linalotokea mara nyingi kuliko nguzo ni kivuli cha roshani. Ukikaa nyuma ya viti vya chini, sakafu ya roshani inakukatia nusu ya juu ya jukwaa. Tamthilia yenye taa kubwa inayoning'inia, mhusika juu ya daraja au mtu anayeruka itakupotea papo hapo, na utasikia watu wakishangaa jambo usiloliona. Tovuti ya SeatPlan huweka picha zilizopigwa na watazamaji kutoka kiti hadi kiti: tafuta picha ambayo ukingo wa juu wa fremu ya jukwaa unaonekana. Usipoonekana, sogea mbele safu tatu au nne.

Safu ya kwanza kabisa chini ina tatizo kinyume chake. Jukwaa likiwa juu, hutaona miguu, na kwenye tamthilia ya kucheza miguu ndiyo habari. Safu ya kwanza ya roshani ina reli ya usalama, na mtu mfupi huikuta usawa wa macho. Safu ya pili au ya tatu ni salama zaidi. Mwenye miguu mirefu achukue kiti cha pembeni mwa njia. Kumbi nyingi zina mito ya kuwainua watoto, lakini huisha mapema, kwa hiyo fika dakika arobaini kabla. Mapumziko ni kama dakika ishirini na vyoo vya wanawake havitoshi; anayetoka taa zinapowaka tu ndiye anayewahi.

Panapobaki moto

The Lion King iko Lyceum tangu Oktoba 1999, na ni ushahidi kwamba umri peke yake hauui shauku. Sababu iko wazi: kazi inafanyika mbele ya macho yako. Uso wa mwigizaji unaonekana chini ya kichwa cha mnyama, fimbo za twiga ni mikono na miguu ya mtu, na hakuna anayekuficha chochote. Wapiga ngoma hawajazikwa shimoni, wako kwenye vijumba vya pembeni, kulia na kushoto, ambapo unawaona wakitoka jasho. Kwa Mswahili kuna utamu wa pekee wa kuwasikia wahusika wakiitwa Simba na Rafiki mbele ya ukumbi uliojaa wasioijua lugha, ingawa wito wa ufunguzi, ambao wageni wengi huudhania ni Kiswahili, ni wa Kizulu. Wanyama huingia kupitia njia za kati ya viti vya chini, kwa hiyo lipia kiti cha pembeni mwa njia na uwe umeketi kabla ya mwanzo. Mchelewaji atazuiliwa mlangoni na kukosa kile alicholipia. Mtazamaji wa mara ya pili akae roshani ya kwanza, aone michoro ya makundi kutoka juu.

Kumbi ndogo ndiyo dawa yetu ya kwanza kwa aliyechoka. Donmar Warehouse ina viti 251, na Menier Chocolate Factory ni ndogo kuliko hiyo. Wapiga muziki ni wachache, lakini wako chumbani pamoja nawe, na sauti ya mtu aliye hatua nne kutoka kwako haihitaji kupandishwa. Hapo utamwona mwimbaji akivuta pumzi kabla ya mstari mgumu. Misimu ni mifupi, wiki kadhaa tu, kwa hiyo hakuna anayefika mwezi wa tisa.

Dawa ya pili ni maonesho ya muda mfupi yenye okestra kamili. New York kuna mfululizo wa Encores! pale City Center, ulioanza 1994, ambao hurudisha tamthilia za zamani kwa upangaji wao wa awali wa ala, okestra ikiwa jukwaani. Mwaka 2008, Lincoln Center ilipoiweka South Pacific, sakafu ya jukwaa ilikuwa ikirudi nyuma wakati wa muziki wa ufunguzi na kuwafunua wapigaji 30 waliokuwa chini yake, nao watazamaji wakapiga makofi kabla mwigizaji hata mmoja hajatokea. London, fuatilia pale tamthilia inapopangwa katika ukumbi wa opera ambao una okestra yake. Maandalizi ya mapambo huwa madogo na waigizaji wengine hushika karatasi. Vumilia hilo, unacholipia ni fidla.

Na popote utakapokwenda, usitoke makofi yanapokoma. Waigizaji wakishaondoka, okestra hupiga kipande cha mwisho cha kuwasindikiza watu, dakika mbili au tatu, ambacho wengi hukipa mgongo wakitafuta makoti. Teremka hadi kwenye ukuta wa shimo na uiname kidogo. Hapo spika ziko nyuma yako na ala ziko chini ya kidevu chako. Utawahesabu waliopo, utajua fidla ni ngapi za kweli, na kiongozi wa okestra akimaliza atageuka na kuwaona waliobaki. Wapigie makofi.